Siku Mbili Bagamoyo: Jinsi ya Kupanga Safari Bila Kupishana na Bahari

Kila sikukuu ikikaribia, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Bagamoyo twende na kurudi au tulale? Kuogelea kunafaa? Gari tunapandia wapi? Watoto watafurahia magofu? Nimekuwa nikimjibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naandika yote mahali pamoja, ili anayekwenda kwa mara ya kwanza apate pa kuanzia.

Nianze na kosa lililonifundisha. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka watoto wa dada yangu siku ya Jumapili. Tulifika ufukweni karibu saa tano. Maji yalikuwa yamekupwa hadi mashua zimelala ubavu kwenye matope, na bahari inaonekana kule mbali kama uzi. Yule mdogo, aliyekuwa amekumbatia boya lake tangu Tegeta, akaniuliza, "Mjomba, bahari imeenda wapi?" Tukala, tukazungukazunguka juani, na ilipofika saa tisa tukaondoka kuwahi gari. Kwenye kona nikageuka, nikaona maji yameshazifikia zile mashua, moja imeanza kusimama. Tuliondoka wakati bahari ndiyo kwanza inarudi.

Tangu siku ile sipangi safari ya Bagamoyo kabla sijajua maji yatakuwa wapi. Nakushauri na wewe uanzie hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Kitambulisho cha taifa. Vituo vya mambo ya kale vina kiingilio cha Mtanzania na kiingilio cha mgeni kutoka nje, na tofauti yake si ndogo.
- Salio la pesa kwenye simu, pamoja na noti ndogondogo. Vituo vya serikali mara nyingi hutaka ulipe kwa namba ya malipo, lakini bodaboda na mkaanga samaki wanataka taslimu, na asubuhi chenji ni ya kutafuta.
- Viatu vya aina mbili: raba au makubazi imara ya kutembelea magofuni, na yeboyebo za kuingia nazo majini. Pekupeku usiingie. Sababu utaiona mbele.
- Kanga mbili au kikoi. Ni taulo, ni kivuli, ni shuka ya gesti, na ni stara ya kupita nayo mjini.
- Kofia, maji ya kunywa, dawa ya mbu.
- Ndoo ndogo yenye mfuniko ukitaka kurudi na samaki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na samaki kwenye kikapu atawakera abiria wenzako mpaka stendi ya Makumbusho, Dar.

Hatua ya 1: Chagua wikendi kwa kuangalia mwezi

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Ukijua umri wa mwezi unaweza kukadiria hata bila intaneti.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za Kiislamu, ni bamvua. Maji hujaa sana na kukupwa sana. Katika ukanda huu wa Dar es Salaam, Bagamoyo na Unguja, siku za bamvua bahari hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, na hukupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, karibu na tarehe 8 na 22, ni maji mafu. Bahari haisogei mbali, na saa zinageuka: hujaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, hukupwa jioni.

Kwa hiyo:

a) Wikendi ya bamvua: asubuhi nenda magofuni, jioni nenda baharini. Mimi napenda hii kuliko zote, kwa sababu jua la saa kumi halichomi na maji yanakufuata mpaka karibu na minazi.

b) Wikendi ya maji mafu: bahari asubuhi, majengo na makumbusho alasiri.

Kalenda nyingi za ukutani zina tarehe za Kiislamu, zitazame hizo. Ukitaka dakika kamili, tafuta mtandaoni jedwali la kujaa na kupwa la Dar es Salaam au Zanzibar. Hali ya upepo na mawimbi itazame kwenye utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku moja kabla.

Angalizo: usichukue saa za wikendi iliyopita ukadhani zitafaa wiki hii. Ndani ya siku saba mambo yanakuwa kinyume kabisa.

Hatua ya 2: Angalia msimu

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, utalowa na njia za magofu ya Kaole zitakuwa tope. Juni hadi Septemba ni kusi: kuna upepo, joto ni la kadiri, na ndiyo miezi ninayompendekezea mgeni. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto kali, ila kama shida yako ni kuogelea tu, sawa.

Mwezi wa Ramadhani usikuzuie. Jua tu kwamba mchana mama lishe wengi hawapiki, na kula barabarani mbele ya waliofunga si adabu. Futari ya mji huu inafidia yote.

Kama unapenda ngoma na maigizo, ulizia tarehe za tamasha la TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi wetu bado tunaiita Chuo cha Sanaa. Siku za tamasha vyumba vinajaa, hivyo weka nafasi mapema.

Hatua ya 3: Lala usiku mmoja

Swali la "twende na kurudi?" nalijibu hivi: lala. Umbali kutoka Dar ni kilomita 70 na kidogo, lakini foleni ya Tegeta na Bunju inaweza kukula saa nzima kila upande. Ukienda na kurudi siku moja unapata saa nne au tano za mjini, nazo zinaangukia mchana, jua likiwa utosini.

Hoteli nyingi za ufukweni ziko upande wa kaskazini wa mji, gesti za bei nafuu ziko katikati. Piga simu kabla, uliza mambo matatu: chandarua kipo? Maji ya bomba yanatoka? Bei ni kwa chumba au kwa kichwa? Hilo la tatu limeharibu safari za familia nyingi ninazozijua. Usitume malipo yote kwa namba uliyoikuta kwenye tangazo tu. Tuma kidogo, mengine ulipe ukishaona kitanda.

Hatua ya 4: Kufika

Kutoka Dar, daladala na Kosta za Bagamoyo utazipata stendi ya Makumbusho. Panda kabla ya saa moja asubuhi, siku ya Jumamosi. Nauli ni ile iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na mizigo midogo ya mkononi hailipiwi, kwa hiyo konda akikudai hela ya begi muulize kwa upole na uombe tiketi.

Unayetoka Tanga, Moshi au Arusha, usiende mpaka Dar ndipo urudi nyuma. Shuka Msata. Kuna lami ya kilomita 64 kutoka pale hadi Bagamoyo, na magari yapo.

Ukishuka stendi, wapiga debe watakuzunguka. Salimia, kisha nenda moja kwa moja kwa bodaboda au bajaji uliyoichagua mwenyewe, na patana nauli kabla hujapanda. Weka mizigo kwenye chumba kwanza. Kutembea magofuni na begi mgongoni ni kujitesa bure.

Hatua ya 5: Anzia Kaole

Wengi huanza na mji wa majengo ya Kijerumani, Kaole wakaiacha kwa sababu iko kilomita 5 hivi kusini. Mimi nasema anza huko, maana huko ndiko kulikotangulia. Kuna mabaki ya misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, mmoja ukikadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo. Mji huo ulikuwa bandari. Mikoko na mchanga vikaiziba, na maisha yakahamia Bagamoyo.

Nenda na bajaji, mwambie dereva akusubiri au akurudie kwa saa mnayokubaliana. Usitembee peke yako kwa njia ya ufukweni kutoka mjini hadi Kaole ukiwa na simu na kamera. Kuna vipande vya ukiwa, na watu wameporwa.

Ukifika lipia, chukua risiti, na umchukue mwongozaji wa pale kituoni. Usiifanyie ubahili hela yake. Peke yako utaona mawe. Ukiwa naye atakuonyesha kwenye nguzo vishimo vya duara ambamo bakuli za kutoka ng'ambo zilikuwa zimepachikwa kama pambo. Weka kidole ndani ya kishimo kimoja: chokaa ya ukingoni bado ni laini, imefuata mzunguko wa bakuli ambalo halipo. Mimi husimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote Bagamoyo. Kisha atakupeleka kisimani, kwenye mbuyu mkongwe, na kwenye kaburi la Sharifa, ambapo mpaka leo watu huja kuomba dua. Hapo nyamaza, usipige picha ya mtu anayeomba, wala usiguse vilivyoachwa kaburini.

Usipande juu ya kuta. Watoto hupenda, na kila jiwe linalomong'onyoka halirudishwi.

Hatua ya 6: Bahari na soko la samaki

Kwanza niseme ukweli: maji ya Bagamoyo si ya buluu kama ya Nungwi. Mto Ruvu unamwaga tope lake karibu na hapa, na ufuko ni tambarare. Ukija kutafuta maji ya kioo utasononeka. Ukija kutafuta bahari yenye watu wanaoifanyia kazi, utashiba.

Kuogelea, nenda upande wa hoteli, maji yakiwa yanajaa au yamejaa. Pale bandarini usiogelee: kuna kamba za nanga, mashua zinaingia na kutoka, na uchafu wa samaki. Ukiingia majini buruza miguu taratibu mchangani badala ya kuinyanyua. Taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, hupenda kujifukia kwenye mchanga laini, na ukimkanyaga mgongoni atakuchoma kwa mwiba wa mkiani. Ukiburuza miguu anakusikia na kuondoka.

Soko la samaki liko pembeni ya jengo la forodha la Wajerumani. Mashua zikiingia, mnada unaanza papo hapo: dalali anainua fungu, bei inapandishwa kwa sauti, na kabla hujaelewa samaki ameshakwenda. Mgeni usinunue mnadani siku ya kwanza. Tazama, kisha nenda kwa wakaangaji. Chagua samaki wako kabla hajaingia kwenye karai, ukiangalia macho yanayong'aa na matamvua mekundu. Taja bei kwanza, ndipo ukae. Kibua mmoja mnene, aliyepasuliwa mbavuni na kupakwa chumvi na ndimu, anatoka kwenye mafuta ukiwa bado unamsikia akichachatika, na pembeni muhogo wa kukaanga na pilipili ya kusaga. Pweza muulizie, huwa anaisha mapema.

Kosa la kawaida hapa ni kupiga picha watu wakiwa kazini bila kuomba. Anza na salamu. Kwa mzee ni shikamoo, na kwa vijana sema "za kazi?" Wengi watakubali, na wengine watakueleza hata jina la chombo.

Hatua ya 7: Mji Mkongwe kwa miguu, asubuhi

Amka mapema. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu ndio muda mzuri, kuna kivuli upande mmoja wa barabara. Anzia Ngome Kongwe upande wa kusini, halafu fuata Mtaa wa India kwenda kaskazini. Utaipita Boma, jengo la utawala wa Wajerumani lililokamilika 1897, kisha geuka kushuka forodhani. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kwa miaka michache tu, 1888 hadi 1891, kabla hawajahamia Dar es Salaam. Lakini tembea ukiangalia milango ya kuchongwa zaidi ya maboma. Mlango mmoja una habari zaidi kuliko kibao cha maelezo: minyororo iliyochongwa pembeni, maua juu, na mahali mbao zilipolainika kwa mikono ya watu.

Ukimsikia mwongozaji akimtaja Sewa Haji, mfanyabiashara wa hapa aliyekuwa akitayarisha bidhaa za misafara ya bara, ndiye yule ambaye jina lake lipo kwenye jengo la Sewahaji pale Muhimbili.

Malizia Caravan Serai, ambako wapagazi waliotoka bara walikuwa wakifikia. Jina la mji wenyewe wengine husema ni kubwaga moyo, kutua mzigo baada ya safari ya miezi, na wengine husema ni moyo wa mateka uliovunjika alipoiona bahari. Sikiliza yote mawili. Walipita hapa wapagazi, wakapita na watumwa.

Hatua ya 8: Misheni

Jumapili subiri ibada iishe. Misheni ya Roho Mtakatifu ilianza 1868, na makumbusho yake yamo ndani ya nyumba iliyokuwa ya masista. Tenga saa moja na nusu. Nguo iwe ya heshima.

Mambo mawili usiyakose. La kwanza ni mnara wa kanisa la zamani, ambako mwili wa David Livingstone ulilazwa usiku wa 24 Februari 1874. Alikuwa amefariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na waliomfikisha pwani kwa miguu ni Waafrika, Chuma na Susi wakiwa mbele. Waambie watoto majina hayo mawili. La pili ni mbuyu wenye kipande cha mnyororo. Inaelezwa kwamba mama mmoja wa misheni alifungia punda wake hapo, mnyororo ukasahauliwa, na mti ukaendelea kunenepa. Sasa zimebaki pete chache nje. Nyingine zote mbuyu umezimeza.

Hatua ya 9: Kurudi

Ondoka kabla ya saa tisa alasiri Jumapili. Baada ya hapo abiria ni wengi, na foleni kuanzia Bunju inaongezeka.

Mambo yakienda kombo

*Mvua haikatiki.* Geuza ratiba: makumbusho ya misheni na Caravan Serai kwanza, Kaole baadaye au uiache.

*Kituo kimefungwa.* Mara nyingi mhusika yuko karibu, hasa Ijumaa mchana watu wanapokuwa msikitini. Muulize mlinzi au jirani, usubiri nusu saa.

*Mwongozaji anadai zaidi ya mlichopatana.* Lipa mlichopatana, omba risiti, na msuluhishane ofisini kituoni, si njiani. Dawa ni kupatana mapema, na kuuliza kama kiingilio kimo ndani ya bei hiyo.

*Mtu amechomwa na taa.* Mtoe majini, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, maumivu yatapungua. Usichokonoe mwiba. Mpeleke hospitali hata kama kidonda ni kidogo, na kama amechomwa kifuani au tumboni usingoje maji ya moto, kimbia naye.

*Gari la mwisho limeondoka.* Usisimamishe gari binafsi gizani. Rudi gesti, uondoke alfajiri. Ukipanda saa kumi na moja utafika Dar kabla ya ofisi kufunguliwa.

*Umefika na bahari imekupwa, watoto wananung'unika.* Usiwaongoze kuyafuata maji mbali. Ufuko ni tambarare, na yakianza kurudi hupitia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako. Wapeleke mashua zilipolala ubavu, maana hiyo ndiyo saa ya mafundi. Utamkuta mmoja amechuchumaa chini ya tumbo la chombo, nyundo ya mbao mkononi, anapiga kalafati: anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaisukuma kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu, anapita na kidole kuhisi kama imeshika. Msalimie, muombe watoto watazame. Mwache amalize mwanya mmoja kabla hamjamuuliza swali, kwa kuwa anashindana na maji yanayorudi.